Muulizeni Kwanza Maji Anayachota Wapi

Hotuba ya bibi shamba mstaafu kwa wanachuo wa kilimo wanaokwenda kwenye mafunzo ya vitendo vijijini, Nyanda za Juu Kusini

Mkuu wa chuo, walimu, wazee mlioalikwa, shikamooni. Na ninyi wanangu mnaoondoka wiki ijayo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie bustani za mboga za nyumbani, na kwa nini wakulima wetu wanazipokea shingo upande. Nimefanya kazi ya ubibi shamba miaka 31, karibu yote Iringa na Njombe, na swali hilo nimetembea nalo tangu mwaka wa kwanza. Sitawafundisha kupanda mchicha. Hilo walimu wenu wamelifanya vizuri kuliko mimi. Nataka niwaeleze habari za yule mtu mtakayemkuta mlangoni kwake, mtoto mgongoni, anawasikiliza huku anaangalia jua limefika wapi.

Mtu huyo atawaambia ndiyo. Ukimuuliza kama mboga za majani ni muhimu kwa watoto, atasema ndiyo, ni muhimu sana. Ukimuuliza kama yuko tayari kuanzisha bustani, atasema ndiyo, tutajitahidi. Mgeni ametoka wilayani, amepewa kigoda cha pekee kilichomo ndani, ameshika karatasi na kalamu. Nani atamwambia hapana? Ile "tutajitahidi, mama" ni heshima tu, ni namna ya kukusindikiza mpaka njiani. Mimi nilikuwa nikiiandika kwenye fomu kama mtazamo mzuri. Mwisho wa mwezi napeleka ripoti kwamba kijiji kizima kina mtazamo mzuri, na wakubwa wangu wanafurahi, nami nafurahi.

Kuna mwaka ulikuja mradi mmoja. Tuligawa pakiti za mbegu, keni za kumwagilia, majembe na reki. Mwezi wa tano, wageni walipokuja kukagua, kila nyumba tuliyoingia ilikuwa na matuta matatu, yamepimwa kwa kamba, yamefunikwa nyasi, yanapendeza machoni. Picha zikapigwa. Mwezi wa tisa nikarudi peke yangu kwa miguu, bila kutoa taarifa. Matuta yalikuwa yamekuwa njia ya kuku. Keni ilikuwa inatumika kusafirishia pombe ya ulanzi. Bustani zilizobaki hai hazikufika kumi, na nyingi kati ya hizo hazikuwa zetu. Zilikuwepo kabla ya mradi, na kwenye orodha yetu hazikuwamo.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na hasira na wakulima. Nikasema maneno ambayo mtayasikia sana huko mnakokwenda: hawa watu hawana mwamko, hawa watu ni wabishi. Ninawaomba, wanangu, mkijisikia mnataka kusema maneno hayo, mkae chini kwanza.

Na si kwamba jambo lenyewe ni dogo. Mikoa hii tunaiita ghala la taifa. Mahindi, viazi, maharage, ngano, malori yanapakia hapa kwenda Dar es Salaam na Dodoma mwaka mzima. Lakini takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2022 zilionyesha kwamba nchi nzima watoto wenye udumavu ni kama asilimia 30, wakati Iringa ni karibu 57, Njombe na Rukwa karibu 50. Kwa hiyo mkoa wenye mahindi mengi una kiwango cha udumavu kikubwa kuliko mikoa ambayo sisi tunaipelekea chakula. Mtoto ameshiba ugali, tumbo limejaa, lakini mwili haujajengwa. Sisemi mboga peke yake ndiyo dawa. Udumavu una mizizi mingi: mama anayelima mpaka siku ya kujifungua, kichanga anayebaki na dada yake wa miaka saba siku nzima, maji machafu, kuharisha kila mara, uji mtupu. Ila majani ya kijani yanampa mtoto vitamini A, yanampa mama mjamzito foliki na madini chuma, na ni chakula ambacho hata nyumba isiyo na ng'ombe wala fedha inaweza kukipata. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Pimeni siku moja chakula cha jioni cha mwezi wa tisa katika kijiji cha Mufindi au Wanging'ombe, mtaona tumepungukiwa kiasi gani.

Ndiyo maana mnatumwa. Lakini mjue mnakokwenda wametangulia wengine kabla yenu, na baadhi yao walikwenda na kiboko.

Mwaka 1955, katika Milima ya Uluguru, Waluguru walifanya fujo kubwa upande wa Matombo kwa sababu serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi. Wakoloni waliandika kwamba wenyeji hawaelewi hifadhi ya udongo. Wenyeji walikuwa wanaelewa vizuri sana. Ukichimba ngazi kwenye ule mteremko unazika udongo mweusi na kuleta juu udongo mwekundu usiozaa, na kazi yenyewe inakula siku za kulima. Mkulima alipiga hesabu, akaona anapewa jasho na njaa. Sasa nendeni upande wa pili wa milima hiyohiyo, Mgeta na Nyandira. Mtakuta miteremko imejaa kabichi, karoti, njegere na vitunguu, maji ya vijito yameelekezwa kwa mifereji, na kila siku magari yanateremka kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Mlima ni uleule na watu ni walewale. Pale ambapo hesabu ilimlipa mkulima, hakuhitaji kusukumwa.

Basi na mimi ikabidi nijifunze hesabu ya yule mama wa mlangoni. Haikutoka kitabuni. Ilitoka kwa mama mmoja ambaye nilikuwa nimemzoea miaka minne, nimehudhuria msiba wa mkwe wake, nimekula kwake. Siku moja nikaanza tena habari za matuta. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza kwa upole: "Mama, bustani ya kwako inamwagiliwa na nani?"

Kwangu kulikuwa na bomba uani.

Chukueni kalamu, tufanye hesabu yake. Wakati wa kiangazi, mita moja ya mraba ya mboga inataka lita 4 au 5 za maji kwa siku. Tuta la mita moja kwa mita tatu linataka lita 12 mpaka 15. Mimi nilikuwa nahimiza kila nyumba iwe na matuta matatu, kwa hiyo ni kama lita 40, yaani ndoo mbili za lita 20. Kisima cha kijiji kile kiko bondeni, kushuka na kupanda na ndoo kichwani ni saa nzima, na ukikuta foleni ni zaidi. Nilikuwa namwomba mama yule aongeze saa mbili za kuchota maji kila siku, kuanzia mvua zinapokatika mwezi wa tano mpaka zinaporudi Novemba, juu ya maji ya kupikia, ya kunywa, ya kufulia na ya kumwogesha mama mkwe mgonjwa. Kwa ajili ya mchicha ambao sokoni anaununua fungu kwa sarafu chache. Alikuwa ananijibu "tutajitahidi" kwa sababu alikuwa na adabu. Mtu mwingine angenifukuza.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujagusa habari ya mbegu, ni hili: maji unayachota wapi, na nani anayachota? Jibu lake ndilo linalokupa ukubwa wa bustani. Mwenye bomba uani mpe matuta matatu. Anayechota kwa saa nzima usimpe tuta hata moja, mpe gunia.

Bustani ya gunia wengi mnaijua, ila nitaeleza kwa sababu naona inafanywa vibaya. Chukua gunia la kilo 100, lijaze udongo mzuri uliochanganywa na samadi iliyooza, si samadi mbichi. Katikati, kuanzia chini mpaka juu, simamisha nguzo ya mawe madogo. Njia rahisi ni kutumia ndoo au kopo kubwa lisilo na kitako: unaliweka katikati, unalijaza mawe, unazungushia udongo pembeni, halafu unalivuta juu na kuendelea. Maji yanamwagwa kwenye ile nguzo na kusambaa ndani kwa ndani. Mtu akimwaga juu ya udongo tu, chini hakufiki kitu, na miche ya pembeni inakauka, halafu anasema magunia hayafai. Pembeni unatoboa matundu na kupandikiza sukuma wiki, mnavu, chainizi. Gunia moja linabeba miche 30 mpaka 40. Linasimama karibu na mlango wa jiko, na maji ya kuoshea mchele, mboga na mikono yanalitosha siku nyingi. Maji yenye sabuni nyingi ya kufulia tusiyaweke.

Nije kwenye jambo jingine ambalo lilinifundisha kunyenyekea. Fomu yetu ilikuwa na swali: je, kaya ina bustani ya mboga? Mimi nasimama uani, natazama kulia na kushoto, naandika hapana. Kumbe bustani ipo. Iko bondeni, mwendo wa nusu saa, nayo ni kinyungu. Ninyi mliozaliwa Iringa na Njombe mnavijua vinyungu tangu tumboni: yale matuta ya bondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi, bila kumwagilia, ambako bibi zetu walipata mahindi mabichi, maharage na majani ya maboga wakati huku juu kumekauka kabisa. Watu waliotulea kwa vinyungu tukawaandika kwamba hawana mwamko wa bustani!

Vinyungu sasa viko mashakani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito na vyanzo vya maji. Nia yake naielewa. Ruaha Mdogo unaopita Iringa unamwaga maji yake Ruaha Mkuu, na huko chini kuna bwawa la Mtera na umeme wa taifa. Lakini familia iliyoondolewa kinyungu imeondolewa mboga zake za kiangazi, na mara nyingi imeondolewa bila kuambiwa mboga zitatoka wapi. Mkikuta kijiji cha namna hiyo, msianze kwa kusema "tumekuja kuwaletea bustani". Watawatazama tu. Anzeni kwa kuuliza kinyungu kilikuwa na nini ndani yake. Orodha mtakayopewa ndiyo ya kuanzia uani.

Halafu kuna kuku. Kuku akiingia kwenye tuta la miche, kwa nusu saa kazi ya mwezi imekwisha. Sisi tulikuwa tunasema fungieni kuku. Kuku wa kienyeji ni benki ya mama. Anajitafutia chakula mwenyewe, na mtoto akiumwa usiku ndiye anayeuzwa asubuhi. Ukimfungia lazima umlishe, na akilishwa mahindi ya ndani baba atauliza. Mama akichagua kati ya kuku na mchicha, atachagua kuku, na mimi ningechagua kuku. Dawa yake ni uzio: matete, fito, mabua ya mahindi, matawi ya miba. Na hapo ndipo mwanamume anapoingia, maana kukata fito na kusimamisha uzio katika nyumba nyingi za huku ni kazi yake. Katika miaka yangu yote, sikuona bustani iliyovuka kiangazi mara mbili mfululizo katika nyumba ambayo mwanamume hakuinua mkono kuijengea uzio. Tulikuwa tunawaita akina mama peke yao kwenye mikutano ya mboga. Tulikosea. Mwiteni baba, mwiteni babu, na mkutano ufanyike saa ambayo hawajaenda kilabuni.

Baba ana neno jingine pia. Ardhi ya karibu na nyumba, yenye samadi na majivu ya miaka mingi, ndiyo nzuri kuliko zote, na siku hizi Njombe inapandwa parachichi. Simlaumu. Parachichi linasomesha watoto. Lakini mama hawezi kuchimba hapo bila ruhusa, na ruhusa hiyo bibi shamba hawezi kumwombea akiwa amempita mwenye nyumba bila hata salamu. Nimeona nyumba ambako walikubaliana mbele yangu: miche ya parachichi ikiwa midogo, katikati ya mistari yapandwe matembele na maharage, mbali kidogo na shina. Baba alikubali kwa sababu alielezwa kwamba majani yanayotambaa yanafunika udongo usikauke. Alipewa sababu inayomhusu.

Mtakutana pia na fahari ya watu, nayo ina nguvu kuliko mnavyodhani. Angalieni lugha yetu wenyewe. Mboga kwetu ni chochote kinachoshushia ugali: nyama ni mboga, dagaa ni mboga, maharage ni mboga. Mtoto wa tajiri tunamwita mtoto wa mboga saba. Lakini mtu akila majani atasema "leo tumekula majani tu", na ile "tu" ina aibu ndani yake. Mgeni akija hapewi mnavu. Mnavu, mchunga, mgagani, majani ya kunde, hivyo vinahesabiwa vya njaa, vya bibi, vya wasio nacho. Kijana aliyekwenda mjini akarudi anataka kabichi, kwa sababu kabichi ndiyo anayoiona hotelini. Sisi wataalamu tuliliongeza tatizo. Tulipokuja na pakiti zetu zilikuwa za kabichi na spinachi, na yale majani ya bibi tuliyaandika kwenye somo la magugu. Mimi kwa mikono yangu niliwahi kumwelekeza mama ang'oe mnavu uliojiotea kwenye tuta ili kabichi ipate nafasi. Naumia nikikumbuka. Mnavu ule ulikuwa chakula bora kuliko kile nilichokuwa nakipanda.

Leo mambo yamebadilika kidogo. Tengeru, Arusha, kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kimekuwepo tangu mwaka 1992, na kinatunza mbegu za mboga za asili za Afrika. Kuna aina za mnavu zenye majani mapana, Nduruma na Olevolosi, na kuna mchicha wa Madiira. Mkionyesha mkulima mnavu wenye jani la kiganja kizima, macho yake yanabadilika. Anaona kumbe kitu cha bibi yake kimekwenda kwa wataalamu kikaheshimiwa.

Kwenye mbegu nina msimamo mkali kidogo, na walimu wangu hapa wanisamehe kama hatukubaliani. Kwa bustani ya kula nyumbani, msimwanzishie mkulima kwa mbegu chotara anayolazimika kuinunua kila msimu. Duka la pembejeo liko mbali, na pakiti ikiisha na bustani imeisha. Hiyo ndiyo iliyoua bustani za mradi wetu, baada ya maji. Mche mmoja wa mchicha ukiachwa ukomae unatoa mbegu za kutosha ukoo mzima. Matembele hayahitaji mbegu, ni vipande vya mashina yake yanayotambaa tu, unakata urefu wa mkono mpaka kiwiko, unafukia nusu. Majani ya maboga, ambayo wengine mnaita msusa, yanatoka kwenye boga lile lile mlilokula. Mnavu unaiva matunda meusi, unayaponda kwenye maji, unaosha mbegu, unaanika kivulini, unahifadhi na majivu kwenye chupa. Kwa anayetaka kuuza nyanya Makambako hiyo ni habari nyingine. Huyo mpeni chotara, mfundisheni habari za kantangaze, yule mdudu anayeshambulia nyanya, na siku za kusubiri baada ya kupiga dawa. Na mtaona jambo la kuwafikirisha: wakulima wengi wanaouza nyanya wana mistari miwili pembeni ambayo haipigwi dawa kabisa. Ukiuliza, wanasema hiyo ni ya nyumbani. Wanajua sana kuliko tunavyowaandika.

Upande wa baridi nitasema kwa kifupi. Juni na Julai, Njombe na Makete umande unaganda usiku, mchicha na majani ya maboga yanaungua. Msipande hivyo wakati huo. Pandeni sukuma wiki, chainizi, figili, na njegere ambayo majani yake machanga yanaliwa.

Na mkifika wakati wa kuhesabu, maana wakubwa watataka namba, msihesabu bustani mwezi wa tano. Hesabuni mwezi wa tisa, tena msiangalie tuta, angalieni sufuria. Ingieni jikoni kama mnaruhusiwa, muulize jana jioni mlikula na nini, na mtoto alipata au ni wakubwa tu. Mama akisema alipika mnavu kwa karanga, mmefika, maana vitamini A inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Akisema alipika ugali na chumvi, msiandike kwamba hana mtazamo mzuri. Andikeni maji yako wapi, kuku ni wangapi, uzio upo au haupo, ardhi ya uani ni ya nani. Nataka ripoti zenu zisomeke hivyo. Zile zangu za miaka kumi ya kwanza natamani ningeweza kuziandika upya.

Nimewaletea kitu. Nje, chini ya mti karibu na lango, kuna mafungu ya matembele niliyoyakata alfajiri kwangu, yamefungwa kwa kanga yenye maji, na chupa ndogo za mbegu za mnavu. Kila mmoja achukue fungu moja na chupa moja. Matembele hayatavumilia zaidi ya siku mbili tatu bila udongo, kwa hiyo yafukieni hapa chuoni leo jioni, na mnapoondoka wiki ijayo mng'oe yenye mizizi mwende nayo. Mkifika kijijini yapandeni penye makazi yenu, mchote maji mahali wanapochota wenyeji, kwa ndoo ileile, kichwani. Fanyeni hivyo mwezi mmoja kabla ya kuitisha mkutano wowote.

Asanteni kwa kunisikiliza.